Kukibembeleza kioo cha kilo 40: mwongozo kamili wa kudhibiti vioo vya vigunduzi vya mawimbi ya uvutano

Tarehe 14 Septemba 2015, wimbi la uvutano, yaani mtikisiko wa nafasi yenyewe, kutoka kwa mashimo meusi mawili yaliyogongana lilipita duniani. Katika mikono ya LIGO, kigunduzi cha Marekani, yenye urefu wa kilomita 4, umbali kati ya vioo ulibadilika kwa kiasi cha mita 4 × 10⁻¹⁸, kama sehemu moja ya mia nne ya upana wa protoni. Wengi wakisoma tarakimu hiyo huuliza ilipimwaje. Mimi hunishangaza zaidi kilichotangulia kipimo. Ardhi chini ya vioo hivyo hunesanesa mchana na usiku kwa kiasi cha mikromita moja hivi, kwa sababu tu bahari zinapiga mawimbi. Hiyo ni mara bilioni 250 ya kile kilichokuwa kikitafutwa. Kabla ya kupima chochote, kuna watu walioketi miaka wakijifunza kukituliza kioo.

Mwongozo huu unafuata kazi hiyo kwa mpangilio ule ule unaofuatwa Hanford, jimbo la Washington, na Livingston, jimbo la Louisiana. Najua huna kigunduzi sebuleni. Tafuta uzi wa cherehani, funguo mbili, na kompyuta yenye Python; vinatosha kukuonyesha kwa mkono wako mambo mengi yaliyomo humu.

Jambo moja uliweke akilini tangu sasa. Kazi yetu si kukibana kioo kisicheze kabisa, maana kioo kilichobanwa hakisikii wimbi. Kila hatua hapa chini ni uamuzi kuhusu masafa: kwa masafa gani ukisukume kioo kwa nguvu, na kwa masafa gani uondoe mkono wako ukiache huru.

Unachokishika ni nini

LIGO ni intaferomita, kifaa kinachopima umbali kwa kukutanisha miale ya mwanga, yenye umbo la herufi L. Leza yenye mawimbi ya nanomita 1064 inagawanywa na kioo kigawanyi katikati, nusu inakwenda mkono huu, nusu mkono ule. Kila mkono una vioo viwili vikubwa, kimoja mwanzoni na kimoja mwishoni, na mwanga hurudi na kwenda kati yake mara nyingi sana. Jozi hiyo ya vioo tunaiita kaviti. Vioo hivyo vinne vikubwa vimetengenezwa kwa silika safi (aina ya glasi), kila kimoja kina kilo 40, upana wa sentimita 34 na unene wa sentimita 20. Nyuma ya kigawanyi, upande wa leza, kuna kioo kinachorudisha mwanga ndani usipotee bure. Upande wa kutokea kuna kingine kinachoirudisha ishara.

Kwa hiyo una urefu wa aina tano wa kushikilia kwa wakati mmoja. Wenyewe huziita kwa vifupisho: DARM ni tofauti ya urefu kati ya mikono miwili (humo ndimo wimbi linamokaa), CARM ni wastani wa mikono yote miwili, MICH ni tofauti ya njia fupi karibu na kigawanyi, na PRCL na SRCL ni urefu wa kaviti mbili za katikati. Ukisahau vifupisho vyote, kumbuka DARM.

Ugumu wote uko kwenye tarakimu mbili. Kaviti hujaa mwanga pale tu urefu wake unapolingana na idadi kamili ya nusu-mawimbi, yaani kila baada ya nanomita 532. Hali hiyo ya kujaa huitwa resonansi. Upana wa resonansi yenyewe, katika mkono wa LIGO, ni kama nanomita 1.2 tu. Kilomita 4, na unatakiwa ukae ndani ya nanomita moja. Vinginevyo mkono ni giza na hakuna unachokiona.

Hatua ya 1: Ning'iniza

Chukua uzi wa sentimita 25, ufunge ufunguo. Bembea yake ni ya sekunde moja, yaani 1 Hz. Shika ncha ya juu kwa vidole na usogeze mkono polepole sana, kwenda na kurudi kwa sekunde tano: ufunguo unakufuata kama kivuli. Sasa sogeza kwa sekunde moja kwenda na kurudi: ufunguo unapandwa na wazimu, unabembea kwa upana mara nyingi kuliko mkono wako. Mwisho, tikisa vidole haraka haraka, kidogo kidogo, kama mara tano kwa sekunde. Ufunguo unakaa pale pale, kana kwamba hayauhusu.

Umeona fizikia yote ya pendulamu. Juu ya masafa yake ya asili, mtikisiko unaofika chini hupungua kwa kipeo cha pili: masafa yakizidi mara mbili, mtikisiko unashuka mara nne. Funga ufunguo wa pili chini ya wa kwanza, urudie. Wa chini unatulia zaidi, kwa sababu kila ngazi inachuja tena kilichochujwa na ngazi ya juu yake. Vioo vikubwa vya LIGO vinaning'inia kwa ngazi nne, hivyo masafa yakizidi mara mbili mtikisiko unashuka mara 256. Ngazi ya mwisho imeshikwa na nyuzi nne za silika zenye unene wa milimita 0.4 na urefu wa sentimita 60. Zimechaguliwa silika badala ya chuma kwa sababu chuma kina msuguano wa ndani unaolifanya joto lake lichezecheze na kupiga kelele. Silika safi karibu haina.

Virgo, karibu na Pisa, Italia, wao walijenga minara yenye pendulamu iliyopinduliwa ya mita 6 na mlolongo wa vichujio ndani yake. KAGRA ya Japani iko chini ya mlima na vioo vyake vya yakuti vinapozwa sana. Njia ni tofauti. Mantiki ni ile ya ufunguo.

Hatua ya 2: Tuliza sakafu

Pendulamu inasaidia juu ya 1 Hz, lakini bahari inatikisa ardhi kwa masafa kati ya 0.1 na 0.3 Hz, na huko pendulamu inafuata kama kivuli. Kwa hiyo meza inayobeba pendulamu nayo inadhibitiwa: ina vihisi vya mtetemo na visukumaji, na kila inaposikia ardhi inainuka, inajisukuma kinyume. Nje ya ombwe (mabomba yasiyo na hewa ambamo vioo vinakaa) kuna visukumaji vya hidroliki; ndani kuna meza za ngazi moja au mbili. Ni kama shingo ya mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani kwenye njia ya mawe. Miguu inayumba, ndoo haijui.

Mtego wa hatua hii unafaa kuujua mapema, maana unawakamata hata wazoefu. Kihisi cha mtetemo hakiwezi kutofautisha kusogea na kuinama. Meza ikiinama kidogo, uvutano wa dunia unakivuta kitu kilicho ndani ya kihisi upande mmoja, nacho kinasema "tumesogea" wakati hatujasogea. Kadiri masafa yanavyoshuka, uongo huo unakua. Hanford, upepo ukipiga kuta za majengo, sakafu inainama, kihisi kinadanganyika, na mfumo unaisukuma meza kwa kosa ambalo halipo. Dawa ni mbili: kwa masafa ya chini sana amini kihisi cha mahali badala ya kihisi cha mtetemo, ukivichanganya kwa vichujio, na weka karibu kifaa cha kupima kuinama peke yake, kisha utoe kipimo chake kwenye ishara ya kihisi.

Hatua ya 3: Tuliza bembea yenyewe

Pendulamu nzuri ina tatizo la uzuri wake: ikishaanza kubembea haiachi. Silika haina msuguano wa kuizuia, na ndani ya ombwe hakuna hewa. Lazima uitulize mwenyewe, na hapa ndipo tunapoandika mrejesho wa kwanza.

Kwenye ngazi ya juu kuna vihisi vidogo vya kivuli. Taa ndogo inamulika fotodayodi (kihisi cha mwanga), na kibendera kilichofungwa kwenye chuma kinaziba sehemu ya mwanga. Kibendera kikisogea, mwanga unabadilika. Hapo hapo kuna koili inayosukuma sumaku. Unapima mwendo, unasukuma kinyume cha mwendo. Hebu tufanye:

```
import numpy as np

m  = 40.0            # uzito wa kioo, kilo
w0 = 2*np.pi*1.0     # pendulamu ya 1 Hz
dt = 1/16384         # muda kati ya sampuli
D  = 100.0           # ukuzaji wa utulizaji
x, v = 1e-6, 0.0     # tunaanza mikromita 1 pembeni
x_nyuma = x

for n in range(16384*10):
    mwendo  = (x - x_nyuma)/dt
    x_nyuma = x
    F = -D*mwendo
    a = -w0**2*x + F/m
    v = v + a*dt
    x = x + v*dt
    if n % 1024 == 0:
        print(round(n*dt, 2), x)
```

Kasi ya 16384 kwa sekunde si ya kubuni. Ndiyo ambayo kompyuta za LIGO hutumia kuzungusha mirejesho yao ya haraka. Endesha programu: kila sekunde 0.8 bembea inapungua hadi kama theluthi moja, na baada ya sekunde nne imebaki chini ya asilimia moja.

Sasa futa alama ya kutoa kwenye mstari wa F uiendeshe tena. Mimi mara ya kwanza nilifanya hivyo bila kukusudia, nikakaa nusu saa nikimlaumu kila mtu isipokuwa kidole changu. Bembea ya mikromita moja inafika zaidi ya robo mita ndani ya sekunde kumi. Kwenye kompyuta ni kichekesho. Kwenye silika ya kilo 40 inayoning'inia kwa nyuzi za kioo, si kichekesho. Ndiyo maana kila mfumo wa kweli una mlinzi: nguvu ikipita kiwango au kihisi kikisoma mwendo wa ajabu, visukumaji vyote vinazimwa kwanza, maswali baadaye.

Swali lililobaki: kwa nini tunasukuma ngazi ya juu na si kioo chenyewe? Kwa sababu kihisi cha kivuli kina kelele zake. Ukizipeleka moja kwa moja kwenye kioo, umeharibu ulichokijenga Hatua ya 1. Ukizipeleka ngazi ya juu, ngazi tatu za chini yake zinazichuja. Mkono mzito kaa nao mbali na kioo. Hata sumaku zenyewe ziliondolewa: LIGO ya kwanza ilikuwa na sumaku ndogo zilizogundishwa mgongoni mwa vioo, LIGO ya sasa haina hata moja kwenye vioo vinne vikubwa.

Hatua ya 4: Tengeneza ishara ya kosa

Kioo kimetulia. Sasa unataka kujua kama mkono uko kwenye resonansi, na kama haupo, uende upande gani. Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kuangalia mwangaza: ukiwa mkali, tupo. Halifai. Kileleni, mwangaza unapungua ukienda kulia na unapungua vile vile ukienda kushoto, hivyo hujui uvute au usukume.

Jibu ni mbinu inayobeba majina ya Pound, Drever na Hall, iliyoandikwa mwaka 1983. Mwanga wa leza unatikiswa fezi yake (mahali wimbi lilipofika katika kupanda na kushuka kwake) kwa masafa ya redio. LIGO hutumia 9 MHz na 45 MHz. Mtikiso huo unazaa rangi mbili ndogo ndogo pembeni mwa rangi kuu, moja juu kidogo, moja chini kidogo. Kwenye resonansi, rangi kuu inaingia ndani ya mkono, lakini za pembeni hazina nafasi humo, zinarudi zilivyo. Kioo kikisogea kidogo, rangi kuu inarudi ikiwa na fezi iliyogeuka, inakutana na zile za pembeni kwenye fotodayodi, na fotodayodi inasikia mpigo. Zidisha mpigo huo na ule ule uliotumia kutikisa, chuja, na unapata volti yenye alama: chanya upande huu, hasi upande ule, sifuri katikati. Hiyo ndiyo ishara ya kosa.

Kwenye programu yetu, iwakilishe hivi: kwanza rudisha x ndani ya kipande cha nanomita 532, kisha gawanya.

```
y = (x + 266e-9) % 532e-9 - 266e-9
kosa = y/(1 + (y/0.6e-9)**2)
```

Chora kosa dhidi ya x utaona balaa lake. Ndani ya nanomita moja ni mstari mnyoofu mzuri. Nje ya hapo inanywea, na sehemu kubwa ya njia iko karibu na sifuri. Yaani una kipofu anayeona sehemu moja tu kati ya mia nne ya njia.

Hatua ya 5: Usimkimbize, mpunguze mwendo

Fanya hesabu kabla ya kujaribu. Kioo kinachobembea mikromita 1 kwa 1 Hz kinapita katikati kwa mikromita 6 kwa sekunde. Nanomita 1.2 kinazimaliza ndani ya sekunde 0.0002, sawa na sampuli tatu za kompyuta yetu. Tuseme nguvu ya juu unayoweza kukisukuma nayo ni mikronyutoni 100. Kwa kilo 40 hiyo ni kuongeza kasi kwa mikromita 2.5 tu kwa kila sekunde katika sekunde. Ili ukisimamishe ndani ya upana wa resonansi, kinatakiwa kiwe kinapita kwa mikromita 0.08 kwa sekunde au pungufu. Kwa bahari inayotikisa mikromita moja kwa 0.15 Hz, kioo kinakwenda karibu mikromita moja kwa sekunde. Umepitwa mara kumi na zaidi.

LIGO ya zamani ilisubiri bahati: vioo vipite polepole, kompyuta ivishike. LIGO ya sasa haitegemei bahati. Mwishoni mwa kila mkono kuna leza ya pili, ya kijani, yenye nanomita 532, nusu kamili ya mawimbi ya leza kuu. Kwa rangi hiyo vioo vimepakwa viakisi hafifu zaidi, hivyo resonansi yake ni pana na rahisi kushika.

Mpangilio ni huu. Usisukume kioo kwanza. Acha leza ya kijani ikifuate kioo: rangi yake inabadilishwa kidogo kidogo ili ibaki kwenye resonansi popote kioo kiendapo. Sasa leza inabeba ndani yake habari ya mwendo wa kioo. Ichukue leza kuu, iongeze masafa mara mbili iwe kijani nayo, uzilinganishe. Tofauti ya masafa kati yake inakuambia mkono uko umbali gani kutoka kwenye resonansi ya leza kuu, hata ukiwa mbali nayo. Kipofu amepata macho. Kwa ishara hiyo unaweza sasa kuurudisha mkono kwa nguvu ndogo na kuuweka makusudi pembeni kidogo ya resonansi, nje ya njia.

Hatua ya 6: Funga katikati, kisha ingiza mikono

Kwa nini uiweke mikono pembeni makusudi? Kwa sababu kaviti za katikati hazijafungwa bado (yaani hazijashikiliwa kwenye resonansi), na kila mkono unapopita kwenye resonansi unageuza fezi ya mwanga na kuzivuruga. Kwa hiyo mikono inashikiliwa mbali, katikati inafungwa kwanza (MICH, PRCL, SRCL), kisha mikono inaletwa taratibu. Hata hivyo inapokaribia, ishara za katikati zingeharibika. Dawa ni kusoma mpigo wa mara tatu, 27 MHz na 135 MHz, ambao hausumbuliwi sana na kinachotokea mikononi.

CARM ina siri yake. Wastani wa mikono miwili ya kilomita 4 ndiyo rula tulivu kuliko leza yoyote, kwa hiyo mwishoni hatusukumi vioo ili vifuate leza. Tunaisukuma leza ifuate vioo. Mrejesho huo ni wa umeme na mwanga, unakwenda haraka kwa maelfu ya hezi, kitu ambacho kioo kizito kisingeweza.

DARM nayo inakabidhiwa kutoka mkono hadi mkono: kwanza ishara ya kijani, kisha ya redio, mwisho ya mwangaza wa kawaida. Hii ya mwisho inahitaji mikono ipishane kwa pikomita chache makusudi, ili mwanga kidogo utoke kwenye tundu lililopaswa kuwa giza. Kila makabidhiano ni mahali pa kuanguka. Wapokezanaji wa vijiti wanajua: wote wawili wakimbie kwa kasi moja, ndipo uachie. Ukizima ishara ya zamani kabla ya mpya kulingana nayo kwa ukuzaji na alama, kioo kinarushwa.

Yote haya hayafanywi kwa mkono tena. Programu iitwayo Guardian, iliyoandikwa kwa Python, inapanda ngazi hali kwa hali, na mwenye zamu anaangalia. Mambo yakiwa shwari, huchukua kama nusu saa.

Hatua ya 7: Gawa nguvu

Sasa kaviti imefungwa na inabidi ibaki hivyo kwa saa nyingi. Dunia yenyewe inavutwa na mwezi na jua, na ardhi kati ya ncha za mkono inanyooka na kusinyaa kwa zaidi ya mikromita 100 kwa siku. Ukiacha kioo chenyewe kibebe mzigo huo, kisukumaji chake kitaishiwa nguvu alfajiri.

Gawa kwa masafa. Maji kupwa na maji kujaa ya ardhi yapeleke kwenye hidroliki za nje. Bembea za polepole zipeleke kwenye koili za ngazi za juu, zenye nguvu na zilizo mbali na kioo. Ngazi ya chini kabisa iachie masafa ya haraka tu, yanayohitaji nguvu ndogo. Huko chini kisukumaji ni cha umeme tuli: nyuma ya kioo, milimita chache tu, kunaning'inia kingine chenye michoro ya dhahabu, na volti kwenye dhahabu inakivuta kioo bila kukigusa. Nguvu hiyo inakwenda kwa kipeo cha pili cha volti, ikimaanisha inavuta tu na haisukumi. Kwa hiyo unaweka volti ya kudumu ya mamia, kisha unapandisha na kushusha kidogo juu yake. Angalia pia chaji zinazojikusanya kwenye kioo baada ya miezi. Zinabadilisha nguvu kwa kila volti, na usipozipima, hesabu zako zote zinakwenda upogo.

Hatua ya 8: Pembe

Sehemu hii ningeipenda iwe fupi, ila mwanga haupendi. Vioo vikifungwa, wati zinazozunguka ndani ya mkono ni laki kadhaa. Kwa kilowati 200, mwanga unakisukuma kioo kwa milinyutoni 1.3, na kioo kinarudi nyuma zaidi ya mikromita moja, yaani zaidi ya mara elfu moja ya upana wa resonansi. Mwanga ukianguka pembeni ya katikati, unakizungusha kioo, kioo kikizunguka, mwanga unahama zaidi pembeni, unakizungusha zaidi. Ukosefu huu wa utulivu ulielezwa na Sidles na Sigg mwaka 2006, na ukipandisha nguvu ya leza bila kuushughulikia, kaviti inajipindua yenyewe.

Dhibiti pembe kwa fotodayodi zilizogawanywa vipande vinne: tofauti kati ya vipande inaeleza kioo kimeelekea wapi. Kiwango kinachotakiwa ni nanoradiani chache. Anza na nguvu ndogo ya leza, funga mirejesho ya pembe, pandisha wati kidogo, rekebisha vichujio, pandisha tena. Mwanga umekuwa chemchemi inayobadilisha masafa ya asili ya kioo, hivyo kichujio cha wati 2 za leza inayoingia hakifai kwa wati 50.

Hatua ya 9: Ondoa mkono, kisha soma ulichokifanya

Hapa tunarudi kwenye lile la mwanzo. Mrejesho wa DARM unakishika kioo kwa nguvu chini ya kama hezi 55, na juu ya hapo unalegea haraka. Wimbi la 2015 lilipanda kutoka 35 Hz hadi 250 Hz ndani ya sekunde 0.2. Kwa hiyo mwanzo wake ulikuta kioo kimeshikwa: wimbi lilipokisogeza, mrejesho ulikirudisha. Je, wimbi lilipotea? Hapana. Limehama kutoka kwenye mwendo wa kioo kwenda kwenye nguvu tuliyotumia kukirudisha.

Ndiyo maana data ya LIGO haitokani na ishara ya kosa peke yake. Unachukua kosa, unaligeuza kuwa mita kwa kujua jinsi kaviti inavyosikia. Unachukua nguvu iliyotumwa kwa kila ngazi, unaigeuza kuwa mita kwa kujua jinsi kila kisukumaji kinavyosukuma. Unajumlisha, unagawanya kwa mita 4000. Ukikosea kisukumaji kwa asilimia tano, umekosea umbali wa chanzo cha wimbi kwa kadiri hiyo.

Kisukumaji cha kujipimia ni mwanga pia: leza ndogo ya nanomita 1047 inaakisiwa na kioo cha mwisho. Wati moja inayorudi inasukuma kwa nyutoni 6.7 × 10⁻⁹. Itikise wati hiyo kwa 100 Hz, na kioo huru cha kilo 40 kitasogea mita 4.2 × 10⁻¹⁶. Piga mwenyewe, F gawanya kwa m mara omega mraba. Hakuna rula nyingine duniani ya kukupa namba hiyo kwa urahisi hivyo.

Kufuli likianguka

Litaanguka: vioo vitatoka kwenye resonansi na mirejesho itaachia. Usikimbilie kubadilisha vichujio. Tazama kwanza sekunde za mwisho za kila ishara, ujue nani alianza. Bembea inayokua polepole kwa dakika nzima ni pembe au ukuzaji uliozidi. Mlio mkali wa ghafla wa kilohezi kumi na kitu ni kioo chenyewe kinachoimba kwa kusukumwa na mwanga. Kisukumaji kilichofika ukomo wake kabla ya kila kitu kinakuelekeza ardhini: tetemeko kubwa hata la ng'ambo ya bahari hutuma mawimbi marefu ya sekunde 20 hivi, na hapo hakuna la kufanya ila kuacha vioo, kusubiri saa nzima, kisha kuanza Hatua ya 3.

Nyuzi za silika zikipigwa na anguko hulia kwa 500 Hz hivi, kama nyuzi za udi, na kwa jinsi silika isivyo na msuguano mlio huo unachukua siku kadhaa kuisha wenyewe. Tuliza kila uzi kwa mrejesho wake mwembamba, mmoja mmoja, ukikagua alama ya kutoa kila mara.

Ukitaka kuiona milio hiyo, data ni wazi kwa kila mtu kupitia GWOSC, hifadhi ya wazi ya data za mawimbi ya uvutano. Sakinisha gwpy, vuta sekunde 32 zinazozunguka wimbi la kwanza, uchore nguvu dhidi ya masafa:

```
from gwpy.timeseries import TimeSeries
d = TimeSeries.fetch_open_data('H1', 1126259446, 1126259478)
d.asd(4).plot().show()
```

Msitu wa miiba karibu na 500 Hz ni nyuzi. Mwiba wa 60 Hz ni umeme wa gridi ya Marekani. Na kama siku moja utakuta alama fupi fupi zisizo na mpangilio, usidharau kutoka nje kwenda kuangalia: Hanford walizifuata za kwao hadi mwisho wa mkono mmoja, wakakuta kunguru wenye kiu wakidonoa barafu iliyoganda kwenye bomba la nitrojeni.